Shati la Buda, Gauni la Mtoi: Historia Ambayo TikTok Haikuambii

Kuna aina ya video imejaa sai kwenye simu zetu. Mama anashika shati kubwa la bwanake, analitandaza mezani, mkasi unapita, cherehani inalia sekunde kumi, na paap! katoto kanazunguka na gauni jipya. Muziki, mioyo, kwisha. Ukishuka kwenye maoni unakutana na kambi mbili. Kambi ya kwanza inashangilia ubunifu. Kambi ya pili inauliza, si umnunulie tu mtoto nguo, kwani mmesota aje?

Mimi naona kambi zote mbili hazijui zinaongelea nini. Wa kwanza wanadhani ni kitu kipya. Wa pili wanadhani ni kitu cha maskini. Ukweli ni kwamba kwa muda mrefu sana hii ndiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kumvisha mtoto, kwa tajiri na kwa hohehahe. Na ile kazi ya kukata nguo ya mtu mzima ikae mtoto imewahi kuwa jambo la serikali, jambo la vita, na hapa kwetu jambo la ukoloni kabisa. Keti nikueleze.

Anza na kitu kimoja ambacho sisi tuliokulia kwa mitumba hatujawahi kukihisi: kitambaa kilikuwa ghali. Ghali vibaya. Kabla ya mashine za kusokota pamba kuenea Uingereza kuelekea mwisho wa karne ya 18, kila uzi ulisokotwa kwa mkono, kisha ukafumwa kwa mkono. Shati moja lilikuwa limebeba kazi ya watu kibao kabla hata mshonaji hajaligusa. Ndiyo maana Waingereza wa enzi hizo wakiandika wosia walitaja nguo moja moja, koti hili apewe mpwa wangu, gauni lile apewe mjakazi. Leo nani ataandika sweta kwenye wosia? Na ndiyo maana hata familia zenye uwezo zilikata gauni la mama likawa la binti. Kwenye makumbusho ya mavazi kuna nguo za watoto ambazo ukiziangalia kwa karibu unaona alama za mshono wa zamani, pale ambapo zamani kulikuwa na mkono au kiuno cha mtu mzima. Hakuna aliyeona aibu. Aibu ilikuwa kutupa.

Huku Pwani stori ni hiyo hiyo. Katika karne ya 19 meli za kutoka Salem, Massachusetts, zilikuwa zikileta Zanzibar kitambaa kizito cha pamba, na kwa sababu kilitoka Marekani watu wakakiita merikani. Merikani haikuwa nguo tu, ilikuwa pesa. Misafara iliyoingia bara ililipa wapagazi, ilinunua chakula na kutoa hongo ya kupita kwa watu kwa kutumia mapande ya kitambaa. Sasa fikiria umejifunga pesa kiunoni. Utaitupa kwa sababu imechanika pembeni?

Halafu angalia leso. Mpaka leo kwenye nyumba nyingi za Pwani leso ina maisha yake kama mtu. Ikiwa mpya ni ya kutokea. Ikichuja kidogo ni ya jikoni na ya kulalia. Ikishalainika kabisa ndipo inapata kazi yake ya maana: inapasuliwa, inakuwa winda za mtoto mchanga, maana hakuna kitambaa kinachokaa vizuri kwenye ngozi ya mtoto kama leso iliyofuliwa mara mia. Mwisho inakuwa tambara la kupigia deki. Hakuna bibi aliyewahi kuita hiyo ati uhifadhi wa mazingira. Ni leso, na inatumika mpaka iishe.

Kilichobadilisha mchezo ni cherehani. Isaac Singer alipata hataza yake Marekani mwaka 1851, na miaka michache baadaye kampuni yake ikaanza kuuza mashine kwa malipo ya pole pole, yaani lipa kidogo kidogo kabla hata ujue hiyo ni tabia. Cherehani ikaingia sebuleni. Kwa mara ya kwanza mama angeweza kukata na kushona kaptula jioni moja badala ya siku kadhaa za sindano ya mkono. Viwanda navyo vikawa vinatema kitambaa cha bei nafuu, kwa hiyo ungedhani tabia ya kukata nguo za wakubwa ingekufa hapo. Haikufa, na tukio lililoirudisha kwa nguvu zaidi lilitokea kwa nchi ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa ikitutawala.

Jumapili ya tarehe 1 Juni 1941, Waingereza waliamka wakaambiwa kwa redio kwamba kuanzia siku hiyo nguo zinanunuliwa kwa kuponi. Vita vilikuwa vimekolea, viwanda vya nguo vilikuwa vinashona sare za jeshi, na meli za kubeba pamba zilikuwa zinazamishwa. Serikali ilificha mpango huo hadi dakika ya mwisho ili watu wasikimbilie madukani. Ilifichwa hivi kwamba hawakuchapisha hata kuponi mpya: watu waliambiwa watumie kuponi za majarini zilizobaki kwenye vitabu vyao vya chakula. Majarini! Unaenda kununua suruali na kuponi ya Blue Band.

Kila mtu alipewa kuponi 66 za mwaka wa kwanza. Suti ya mwanamume ilikula 26. Gauni la sufi la mwanamke 11. Viatu vya mwanamume 7, vya mwanamke 5. Ukipiga hesabu unaona ni kama suti moja, viatu, na vitu vidogo vidogo, mwaka umeisha. Baadaye mgao ukashuka hadi kuponi 48, na ukaendelea kubanwa vita vilipokuwa vinaelekea kuisha. Mpango wenyewe haukufutwa hadi Machi 1949, karibu miaka minne baada ya Hitler kufa.

Sasa weka mtoto kwenye hiyo hesabu. Mtu mzima anaweza kuvaa koti moja miaka mitano. Mtoto wa miaka saba anaota kama nyasi za Aprili. Serikali iliwapa watoto kuponi za ziada, 10 hivi, na nguo zao zilihitaji kuponi chache, lakini haikutosha, haingeweza kutosha. Kwa hiyo mwaka 1943 serikali ikatoa kijitabu maarufu kwa jina la Make Do and Mend, maana yake tumia ulichonacho na ukitengeneze. Wakachora na kidoli cha kike cha matangazo, Mrs Sew-and-Sew, cha kuwahimiza akina mama. Madarasa ya kushona yakafunguliwa kila mahali. Akina mama wa kujitolea wakaanzisha vituo ambapo unaleta viatu ambavyo vimembana mtoto wako na unachukua vya mtoto mkubwa wa mwingine. Suruali ya baba ambaye yuko vitani ikawa kaptula ya mwana. Blanketi likawa koti.

Nikupe kidogo namna kazi yenyewe ilivyofanyika, maana hapa ndipo utamu ulipo na zile video za sekunde thelathini zinaruka hii sehemu. Nguo ya mtu mzima haichakai sawasawa. Suruali inaisha magotini na makalioni, lakini chini ya goti kitambaa kiko karibu kipya. Shati linaisha kwenye kola na ncha za mikono, lakini mgongo wake uko sawa, na mgongo wa shati la mwanamume ndicho kipande kikubwa kisicho na mshono utakachokipata ndani ya nyumba bila kwenda dukani. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kukata. Kazi ya kwanza ni kuinua nguo kwenye mwanga wa dirisha uone wapi kumekuwa kwembamba. Halafu unafumua mshono pole pole kwa wembe, hauchani. Ukifumua unapata upana uliofichwa ndani ya mshono, sentimita moja hapa, mbili pale, na kwa nguo ya mtoto sentimita mbili ni mali. Pindo la chini unaliacha kama lilivyo, tayari limeshonwa na fundi wa kiwandani, kwa nini ulirudie? Vifungo na matundu yake pia unaviacha pale pale, unageuza tu: mbele ya shati inakuwa mgongo wa gauni.

Koti la sufi lina ujanja wake. Jua linachujisha upande wa nje tu. Unalifumua lote, unageuza kitambaa ndani nje, unashona upya, na rangi iliyofichwa miaka kumi inatoka kama imetoka dukani jana. Na cha mwisho, unaacha pindo nene ndani ya gauni la mtoto. Kila muhula unalishusha kidogo. Wewe uliyeshonewa uniform ya kukua nayo, sketi ikafika kwenye soksi darasa la nne na ikawa sawa ukiwa la saba, unajua vizuri naongelea nini.

Lakini usiamini kila bango la vita. Kampeni ile ilikuwa na shimo kubwa, na watu wa wakati huo waliliona. Kuponi zilikuwa sawa kwa wote, makabati hayakuwa sawa. Mwanamke tajiri aliyeingia vitani na makoti manane na magauni ishirini alikuwa na kiwanda cha nguo chumbani kwake. Mwanamke wa mtaa wa wafanyakazi aliyeingia na koti moja angemkatia mtoto nini? Tumia ulichonacho ni ushauri mzuri kwa mwenye nacho. Na juu ya hayo wanawake wengi walikuwa wanapiga shifti kwenye viwanda vya silaha mchana, halafu jioni Mrs Sew-and-Sew anawatabasamia kutoka ukutani ati washone. Wanaume nao, kilio chao kikubwa kilikuwa kwamba mwaka 1942 serikali ilipiga marufuku suruali zenye pindo la kukunja nje. Hiyo iliwauma. Wengine walinunua suruali ndefu makusudi wazikunje wenyewe nyumbani.

Hapa kwetu, stori inabadilika ladha. Kushona nguo za watoto nyumbani hakukuingia Kenya kama ujuzi tu. Kulikuja na mtu wa kukuambia mama mzuri anafanana vipi. Wamisheni walikuwa wakifundisha wasichana sindano tangu karne ya 19. Jeanes School ya Kabete, iliyoanzishwa 1925 kufunza walimu wa Kiafrika, ilifundisha pia wake zao kutunza nyumba na kushona. (Pale pale ndipo sai pako Kenya School of Government, watumishi wa umma wakienda semina. Hakuna anayewaambia kwamba mama za watu walishonea huko.) Mwaka 1952 ikaja Maendeleo ya Wanawake, ikisukumwa na idara ya serikali ya kikoloni na wanawake wa Kizungu, na vilabu vikafundisha mapishi, usafi, malezi na cherehani.

Angalia tarehe. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Kati walihamishwa kwa nguvu kwenye vijiji vilivyozungushiwa uzio, wanawake wakachimbishwa mahandaki bila malipo. Na ndani ya vijiji hivyo vilabu vya Maendeleo vikawa sehemu ya mpango wa kuwatoa wanawake kwa Mau Mau. Wanahistoria wa kipindi hicho wanaeleza kwamba uanachama ulikuja na unafuu, ukiwemo wa zile kazi za kulazimishwa. Yaani fikiria hiyo hesabu. Ukishika sindano, unaachiliwa jembe la mtaro. Nguo ya mtoto ilikuwa kwenye mizani moja na siasa ya nchi.

Kuna watu wakisikia hivyo wanasema basi cherehani ilikuwa chombo cha mkoloni, tuitupe. Mimi sikubali. Waliofundishwa walichukua ujuzi wakaacha hubiri. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Maendeleo ya Wanawake, na mashine zile zile zilizoletwa kutuliza watu zikashona sare za watoto wa uhuru na kulipa karo zao. Nikiambiwa nichague kati ya nia ya aliyeleta cherehani na kazi iliyofanywa na aliyeipokea, mimi nasimama na aliyeipokea.

Baada ya uhuru ujuzi ulishikiliwa na vitu viwili. Cha kwanza ni shule. 8-4-4 ilipoanza 1985 ilikuja na Sayansi Kimu, na watoto wa shule ya msingi wakashona aproni na kufanya viraka. Waulize wazazi wako. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaala ukapunguzwa, somo likaacha kutahiniwa kwenye KCPE, na unajua kitu kisichotahiniwa Kenya kinavyofundishwa. Cha pili ni viwanda. Kicomi ya Kisumu, Rivatex na Raymond za Eldoret, Mountex ya Nanyuki. Serikali ilibana nguo za kutoka nje, kitambaa kikawa cha hapa na hakikuwa cha bei ya kuchezea. Mama aliyenunua mita tatu alizikata kama anagawa urithi.

Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko likafunguliwa, mitumba ikaingia kwa makontena, na hesabu yote ikapinduka. Viwanda vikaanguka kimoja baada ya kingine. Rivatex yenyewe ilikuja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 baada ya kufungwa. Kufikia 2019 Kenya ilikuwa inaingiza takriban tani 185,000 za mitumba kwa mwaka. Gawanya kwa watu wote wa sensa ya mwaka huo, ni karibu kilo nne kwa kila mmoja, pamoja na shosho wako na mtoto aliyezaliwa jana. Kwa nini ufumue mshono kwa wembe usiku kucha wakati suruali ya mtoi iko Gikomba kwa soo?

Hiyo hoja ina nguvu na sitajifanya haina. Sisemi mathe akitoka kazini saa mbili usiku, amesimama kwa matatu kutoka CBD hadi Kayole, aketi kwenye mashine ili wewe ufurahie utamaduni. Mitumba iliwapa wanawake muda wao. Lakini angalia mambo mawili ambayo hatuyaongelei.

La kwanza, ujuzi haukufa, ulihama. Ulitoka kwa mama nyumbani ukaenda kwa fundi sokoni. Nguo nyingi za mtumba zilishonewa miili mikubwa kuliko yetu. Kwa hiyo Gikomba, pembeni ya wale wanaouza, kuna mafundi kazi yao ni kupunguza: suruali ya kiuno cha ajabu inafumuliwa inarudi ya kijana, jinzi inakuwa kaptula, koti la mzee wa Uingereza linakatwa kuwa la mvulana. Ni kile kile alichofanya mama wa 1943, ila sai anayelipwa ni fundi, na kabati ambalo nguo zinatolewa liko ng'ambo. Ile shida ya kuponi imerudi kwa mlango mwingine. Tumia ulichonacho, sawa, lakini tulichonacho ni kile walichochoka nacho wao.

La pili, bomba likifungwa hatuna akiba. Hili si la kufikirika. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba kufikia 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na 2018 Marekani ikasimamisha nafasi ya Rwanda ya kuuza nguo huko bila ushuru chini ya AGOA. Kenya ilikuwa imeshajitoa kwenye mpango mapema. Halafu Machi 2020 korona ikaja, serikali yetu ikapiga marufuku kuingiza mitumba, ikafungua tena Agosti. Miezi mitano tu, bei ya mtumba ikapanda na wauzaji wakalia. Kumbuka pia kilichotokea mwaka huo huo: ghafla kila mtaa ulihitaji barakoa, na mtu mwenye cherehani akawa mtu wa maana kuliko mwenye gari. Nyumba ambazo kulikuwa na mtu anayejua kushona zilichukua shati la zamani zikajitosheleza jioni moja. Zingine zilipanga foleni dukani.

Kwa hiyo mimi naziangalia zile video kwa jicho lingine. Yule mama wa TikTok hajabuni kitu, na hajasota. Anafanya kile bibi wa leso alifanya, kile mke wa askari wa London alifanya, kile mwanamke wa kijiji cha uzio alifundishwa kwa sababu mbaya akakitumia kwa sababu nzuri. Tofauti ni kwamba hawa wote walifundishwa na mtu aliyeketi karibu nao, na yeye amejifunza kwa simu, ndiyo maana utaona anakata kwanza halafu anafikiria baadaye.

Kama unataka kujaribu, nenda sokoni jioni wakati wa fagia, utapata shati la mwanamume la pamba ambalo wote wameliruka kwa sababu ni kubwa kama hema. Toa finje. Rudi nalo nyumbani, liinue kwenye mwanga, tafuta wembe. Kola iache mwisho, hiyo ndiyo ngumu.